Atakaye gari kuukuu la Kitaliano na aanze ngamani

Mwezi uliopita, baada ya sala ya isha, nilipigiwa simu na mpwa wangu ambaye ni dereva wa basi huko Birmingham, Uingereza. Alinitolea salamu, akanijulia hali, akamuulizia mamake, kisha akanyamaza kidogo kama kijana aliyekuja kuposa asiyejua aanzie wapi. Mwishowe akasema: "Mjomba, nataka kununua gari la Kitaliano. La zamani, la mbio, la milango miwili. Nimedunduliza fedha kwa miaka 11. Nishauri ninunue lipi."

Najua wapo watakaocheka. Dereva wa basi na gari la mbio, wapi na wapi? Wapo pia watakaosema kuwa hii ni israfu tupu, na kwamba mwenye akili angenunua Toyota iliyo nzima akapumzika. Watu hao siwabezi, kwani nusu ya maneno yao ni kweli, nami nitayarudia huko mbele. Lakini mimi si katika wanaoona kuwa kupenda kitu kizuri ni kosa. Babu zetu waliochonga milango ya nakshi ya Lamu na Mombasa walijua fika kwamba ubao mtupu nao huzuia mwizi. Walitia nakshi kwa sababu jicho pia lina haki yake. Gari lililoundwa na mafundi hodari miaka 50 iliyopita, ambalo hapana tena anayelihitaji kwa safari za kila siku na bado watu wanalitunza, limekuwa jamii moja na mlango ule. Ndiyo maana nayaleta mazungumzo haya katika ukurasa huu.

Tena kwetu Pwani Mtaliano si mgeni. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na watu wa Malindi wamewazoea Wataliano tangu zama za setilaiti, ya kwanza iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini kule Ngomeni, mwaka wa 1967. Wako vijana wetu waliokisema Kitaliano kabla hawajakijua Kiingereza sawasawa. Nairobi nako, maonyesho makubwa ya magari ya zamani yafanywayo Ngong Racecourse, yaitwayo Concours d'Elegance, yalianzishwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo mwaka wa 1970. Na sisi tuliokuwa vijana mwaka wa 1988 tunakumbuka tulivyotega masikio redioni Miki Biasion alipoipatia Lancia ushindi wake wa kwanza wa Safari Rally, akarudia tena mwaka wa 1989. Kwa hivyo mpwa wangu hakuyaokota mapenzi haya njiani huko Birmingham. Alitoka nayo nyumbani.

Nilimuuliza ana gari gani moyoni. Akajibu pasi na kusita: Maserati. Alikuwa ameona Biturbo moja nyekundu ya miaka ya 1980, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotazamia. Akiba yake ingetosha kulinunua, ila kulitengeneza kungembidi akope kidogo benki. "Maserati, Mjomba!" akasema. "Maserati kwa bei ya gari la mtu wa kawaida!"

Niliposikia hivyo nilicheka, kisha nikahuzunika, kwani mimi pia niliwahi kununua jina.

Ilikuwa mwaka wa 1997. Kabla sijaingia katika uandishi nilikuwa nimeshika spana kwa miaka miwili katika gereji moja ya Malindi, nikajiona fundi. Mgeni mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi Ulaya alikuwa na gari jekundu la Kitaliano la viti viwili, na jina la gari hilo nalisitiri maana kosa lilikuwa langu. Nikauza sehemu yangu ya shamba la minazi Mambrui, nikamtilia mkononi shilingi 180,000. Nilikuwa nimefungua boneti na kuisikiliza injini, nayo ikaimba. Nilikuwa nimeitazama rangi, nayo ikang'ara. Basi nikaona mambo yametimia.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kukalafati majahazi. Nilipofika na gari mlangoni petu, alilizunguka mara moja, akachutama, akachungulia chini yake. Kisha akaniuliza: "Umetazama ngamani?" Nikadhani mzee anafanya mzaha wa kibahari.

Mwezi wa tatu gurudumu lilipata pancha. Nikaweka jeki mahali pake, nikapiga mkono, gari lisinyanyuke. Jeki ndiyo iliyopanda, ikazama ndani ya sakafu kama kidole katika embe lililoiva. Fundi mmoja wa bodi akaja na sumaku, akaipitisha chini ya milango yote miwili, isigande popote. Rangi ile nzuri ilikuwa imepakwa juu ya puti, puti ikatiwa juu ya magazeti, na magazeti yakashindiliwa pale palipokuwa na chuma zamani. Aliyeniuzia alikuwa amekwisha kuvuka bahari. Gari lile lilikaa uani miaka minne, kuku wa jirani wakitaga katika kiti cha dereva, hata likachukuliwa na wauza vyuma vikuukuu. Shamba halikurudi.

Watu wa bahari wana msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huu hutumiwa kwa mambo mengi, lakini kwa baba yangu ulikuwa na maana ile ile ya asili. Ngama ni lile shimo la chini kabisa la jahazi ambapo maji hujikusanya. Mnunuzi mjinga hutazama tanga na mlingoti, na vitu hivyo hubadilishwa kwa siku moja. Mnunuzi mwerevu hushuka ngamani na taa, akadungadunga mbao na mataruma kwa kisu, kwani ubao ukioza huko, jahazi zima huundwa upya. Hilo ndilo jambo moja nililo nalo la kumwambia mtu yeyote anayetaka gari lake la kwanza la Kitaliano la zamani: usianze kwa kuuliza jina gani. Anza ngamani.

Sababu ni hii. Aghalabu ya magari haya hayana chesisi iliyo mbali na bodi kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, magurudumu na watu. Vizingiti vile vya chuma vilivyo chini ya milango si mapambo, ndivyo uti wa mgongo wa gari, hasa lile lisilo na paa. Injini ikiharibika, huteremshwa, ikafunguliwa, ikatengenezwa mezani na fundi mmoja kwa vipuri vinavyojulikana bei. Bodi ikiliwa na kutu, fundi hukata kipande, akakuta kipande cha pili kimeoza, akakata na hicho, na hapana ajuaye hesabu itakoma wapi. Ongeza juu yake kwamba barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, nayo maji yake ya chumvi hurushwa na magurudumu mpaka kila pembe. Si siri kwamba magari ya Kitaliano ya zama zile hayakukingwa vyema. Mwaka wa 1980 huko huko Uingereza kulizuka kelele kubwa magazetini juu ya magari ya Lancia Beta yaliyoliwa na kutu pale injini inaposhikizwa, hata kampuni ikalazimika kuyanunua tena baadhi ya magari hayo kutoka kwa wenyewe.

Basi nikamwambia mpwa wangu achukue tochi, sumaku iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, na nguo ambazo hajali zikichafuka. Aende mchana, tena siku isiyo ya mvua, maana gari lililoloa huficha ila za rangi kama vile uso ulionawa huficha usingizi. Alale chini. Apitishe sumaku kwenye vizingiti, kuzunguka magurudumu na kwenye pembe za chini za milango. Anyanyue mazulia ashike sakafu kwa mkono aone kama kuna unyevu. Atazame chini ya betri na ndani ya buti linapowekwa gurudumu la akiba. Kisha amwombe mwenye gari ruhusa alinyanyue kwa jeki upande mmoja na afungue mlango. Mlango ukikataa kufunga, bodi imepinda kwa uchovu, naye aage kwa adabu aende zake.

Hapo akaniuliza: "Sawa, Mjomba. Lakini yako magari na magari. Lipi?"

Nikamjibu kwa yale niyajuayo, nami nayaandika hapa kwa faida ya kila anayeshughulika na mambo haya.

Liko Alfa Romeo Spider. Kampuni yake ilianzishwa Milano mwaka wa 1910, na gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza Geneva mwezi wa Machi 1966. Umbo lake lilitoka kwa Pininfarina, na ndilo la mwisho ambalo mzee Battista Farina mwenyewe alitia mkono, kwani alifariki mwezi uliofuata. Yale ya kwanza yana mkia wa mviringo, na Wataliano wenyewe wakayaita mfupa wa dome, ule mfupa mweupe ambao watoto wetu huuokota ufuoni. Mtu wa Pwani akisikia jina hilo hahitaji kuelezwa zaidi. Kuanzia mwaka wa 1970 mkia ulikatwa, gari likaendelea kutengenezwa hadi 1993, na jumla yake yakazidi 120,000. Wingi huo ni neema kwa mnunuzi, kwani vipuri vipo, mafundi wapo, na vyama vya wenyewe vipo. Injini yake ni ya aluminiamu, ina shafti mbili za juu zinazozungushwa kwa mnyororo wa chuma, gia ni tano, na breki ni za diski magurudumu yote manne. Ila zake zajulikana. Gia ya pili hulalamika gari likiwa baridi, na gasketi ya juu ya injini huweza kuvuja, kwa hivyo fungua kifuniko cha rejeta na cha oili utazame kama maji na oili vimechanganyika.

Liko Fiat 124 Spider, pacha wake kwa umri, lililotoka mwaka huo huo wa 1966 na kwa Pininfarina vile vile. Injini yake iliundwa na Aurelio Lampredi, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiunda injini za Ferrari. Kwa hivyo mwenye Fiat hii hana haja ya kuinamisha kichwa mbele ya mtu. Lilitengenezwa hadi mwaka wa 1985, karibu 200,000, na mengi yalikwenda Marekani. Mambo mawili yakumbukwe. Kiwandani halikutolewa na usukani wa kulia, basi mtu wa Uingereza atakaa upande wa ukingo wa barabara. Tena shafti zake huzungushwa na mkanda wa mpira, na mkanda huo ukikatika, vali na pistoni huweza kugongana. Usipooneshwa risiti ya mkanda mpya, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Liko Lancia Fulvia Coupé, la mwaka wa 1965 hadi 1976. Hili ni gari la watu wanaopenda kutafakari. Injini yake ya silinda nne imepangwa katika umbo la V jembamba sana, na magurudumu yanayovuta ni ya mbele. Ndilo lililoshinda Monte Carlo Rally mwaka wa 1972 mikononi mwa Sandro Munari. Limeshonwa kwa ustadi kama kofia ya vito, lakini kofia ya vito ikitatuka, si kila fundi aweza kuitia mkono. Mwenye kulitaka na ajue kwanza fundi wake anakaa mtaa gani.

Liko Fiat X1/9 la Bertone, lililotolewa kuanzia mwaka wa 1972 hadi 1989. Injini iko nyuma ya viti, na kipande cha paa huvuliwa kikawekwa mbele. Ni gari dogo, jepesi, la kufurahisha, na kwa kijana mwenye mfuko mwembamba si la kudharauliwa. Lakini kutu yalipenda nalo.

Liko Ferrari 308, ambalo kila mvulana amelibandika ukutani. Lilitoka mwaka wa 1975, na bodi za yale ya mwanzo zilikuwa za fibaglasi. Mikanda ya injini yake hubadilishwa kila baada ya miaka michache hata kama gari halikutoka nje ya banda, na kila spana inayofunguliwa hulipiwa kwa heshima ya jina. Mtu na alitamani, hapana ubaya, lakini lisiwe la kwanza. Mwanagenzi wa bahari hakabidhiwi jahazi la tani 100.

Na hilo Biturbo? Lilitangazwa tarehe 14 Desemba 1981, likiwa na silinda sita na turbo mbili, jambo ambalo halijapata kuonekana katika gari la kuuzwa kwa watu wote. Ni gari lenye akili nyingi na viti vya ngozi vya kupendeza. Lakini yale ya mwanzo, yaliyokuwa na kabureta, yalijipatia sifa ya kusumbua kwa joto na umeme, na sifa hiyo ndiyo iliyoshusha bei yake. Nilimwambia mpwa wangu afikiri vizuri: jina kubwa likiuzwa kwa bei ndogo, ile bei iliyopungua haikupotea. Inakungoja gereji.

Nikishurutishwa kutaja moja, nitasema Alfa Romeo Spider yenye injini ya 2000, ile iliyoanza kutolewa mwaka wa 1971, kwa sababu mwanagenzi akikwama atapata wa kumsaidia. Hata hivyo, Fiat iliyo nzima ngamani ni bora kuliko Alfa iliyooza, na Alfa iliyo nzima ni bora kuliko Ferrari ya puti. Mimi ni mtu wa mashairi, nami najua jinsi msomaji anavyoweza kupumbazwa na ubeti wa kwanza, akija kufika wa nne akakuta mizani imevunjika na vina vimepotea. Rangi nyekundu ndiyo ubeti wa kwanza wa gari. Msomaji mzuri husoma mpaka mwisho ndipo akasifu.

Yako na ya fedha. Nilimwambia aigawanye akiba yake mafungu matatu, mawili yawe ya kununulia na la tatu asiliguse mpaka mwaka wa kwanza upite, maana gari la miaka 50 halikosi la kudai. Kama fungu la tatu halipo, basi na gari halipo. Na mkopo wa benki kwa ajili ya mchezo, hukumu yake wasomaji wa ukurasa huu hawana haja ya kufundishwa nami. Nitasema tu la kidunia: mtu akikopa kwa ajili ya chakula tunamhurumia, akikopa kwa ajili ya nakshi huwa anauza usingizi wake, na hilo gari atakuwa akilitazama kwa jicho la mdaiwa.

Yako na ya muuzaji. Mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alitufundisha tungali wadogo kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu ni wajibu wake kuidhihirisha, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Mpwa wangu akasema Uingereza mambo ni tofauti. Nikamwambia waungwana wako kila nchi, na njia ya kuwajua ni moja. Muulize mwenye gari: lina ila gani? Akisema halina hata moja, ondoka. Akikutajia tatu na akakuonyesha risiti za miaka 20, kaa unywe chai. Mwombe asiliwashe kabla hujafika, uisikie injini ikiamka baridi. Tena kwao serikali imeweka wazi kumbukumbu za ukaguzi wa magari tangu mwaka wa 2005, na mwenye nambari ya gari huzisoma bure. Humo mtu ataona mwaka gani lilikataliwa na kwa kutu ya wapi. Lakini ajihadhari na jambo moja: tangu Mei 2018 gari lililozidi miaka 40, ambalo halikubadilishwa mno, limesamehewa ukaguzi huo wa kila mwaka. Kusamehewa ukaguzi si kuwa zima. Mzee aliyeruhusiwa kukaa chini katika sala hakuambiwa kuwa magoti yake yamepona.

Alinisikiliza mpwa wangu kwa upole, kisha akanifunulia alilokuwa amelificha tangu mwanzo. Nia yake ilikuwa kulileta gari hilo Malindi siku moja, alipitishe barabara ya ufuoni mamake akiwa kiti cha pembeni. Sikutaka kumvunja moyo, lakini ilinibidi nimkumbushe kwamba kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Fauka ya hayo, hewa yetu ya bahari haihitaji baridi wala lori la kumwaga chumvi. Hula chuma usiku na mchana.

Na hapo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulitaja neno chuma, nikasema lile ambalo ulimi wangu ulikuwa ukilizungukazunguka. Mamake, yaani dada yangu, anakaa chini ya paa la mabati lililotiwa mwaka aliozaliwa mpwa wangu mwenyewe. Masika yaliyopita aliweka masufuria matano chumbani. Akiulizwa husema hajambo, na mwanawe akimpigia simu humwambia nyumba iko salama. Nikamwambia: "Mwanangu, kabla hujapeleka sumaku yako kwenye gari la mtu, jua kwamba iko kutu nyingine, nayo ni ya nyumbani kwenu."

Simu ilinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani imekatika. Nilijilaumu. Pengine yalikuwa makali mno kwa mtu aliyeendesha basi usiku miaka 11 na asiyeomba ila furaha moja. Nami sisemi kwamba furaha hiyo si haki yake. Ninalosema ni kwamba wale wanaoita jambo hili israfu wana kweli yao, isipokuwa wanaiweka mahali sipo. Israfu haiko katika gari. Iko katika mpangilio, cha kwanza kinapowekwa nyuma na cha nyuma kikawekwa mbele. Mwenye paa zima juu ya mamake, fungu la tatu katika akiba na deni la mtu hana, huyo akitaka na alale chini ya Alfa Romeo kila Jumamosi. Atakuwa anakitunza kitu kilichoundwa vyema, na kutunza kilichoundwa vyema ni sehemu ya ustaarabu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa huendelea kuelea kwa sababu yupo mtu ngamani anayeteka maji.

Juma lililopita lori dogo lilisimama mlangoni kwa dada yangu likiwa na mabati mapya, mbao na misumari. Dada yangu alinipigia simu akilia na kunifokea pamoja, kwa kuwa nilimtoboa siri yake.

Jana usiku zikaja picha tatu kutoka Birmingham. Biturbo ameliacha. Akiba imepungua, deni hana, na gari bado hajanunua. Lakini amekwenda kuangalia Spider moja, nyeupe, ya mwaka wa 1974, ya mwalimu aliyestaafu ambaye alimtajia ila nne kabla hajaketi. Nilizifungua picha zile nikitazamia kuona uso wa gari, taa zake na ile pua yake nzuri. Sikuona uso. Zote tatu zilikuwa za chini: kizingiti cha kulia, kizingiti cha kushoto, na sakafu iliyonyanyuliwa zulia, kavu, chuma kitupu. Chini yake ameandika: "Mjomba, nimetazama ngamani."

Nikamjibu aende akanywe chai.